Neno ya Mama kwenye Maji ya Moto

Harufu ya ile maji ilikuwa sawa vile yai yenye kuku alisahau ndani ya majani. Unaisikia mbele ya kuona kitu. Njia ilikuwa inashuka katikati ya miti, kichwa yako ingali inawaza chakula, kisha pua inakuambia simama. Mama alinusa, akanigeukia, akauliza kama ni mimi. Nikamuambia ni yeye. Tulikuwa watu wawili tu juu ya ile njia, kwa hiyo kila mutu alikuwa na haki ya kushitaki mwenzake. Halafu tukaona moshi mweupe unatoka chini ya mawe, na hakuna moto, hakuna mutu mwenye kupika, mama akaacha kunishitaki. Ilikuwa upande wa Kabambare, mahali milima inaanza kubebana, ile miaka Wabeleji wangali wanatawala na mimi sijamaliza kung'oka meno ya utoto. Maji ilikuwa inatoka chini ya jiwe moja kubwa nyeusi, inachemka sawa chungu ya sombe, majani ya muhogo. Ilikuwa inaingia kwanza ndani ya kishimo kidogo, mahali watu wanapikia muhogo na ndizi bila kuni. Kisha inashuka ndani ya shimo ya wanawake. Kisha inaenda mbali kidogo, nyuma ya mawe, ndani ya shimo ya wanaume. Ikifika kule ilikuwa imekwisha kupoa, njo maana wanaume walikuwa wanajisifu kwamba wao wanaweza kukaa ndani mpaka jua inapinduka.

Tulifika pale sababu ya magoti ya mama. Mugini kwetu, katikati ya Kasongo na Kabambare, kila mutu mukubwa alikuwa na shamba yake ya pamba, imepimwa na kamba, na hakuna mutu aliuliza kama unapenda pamba. Monitere wa pamba alikuwa anapita na fimbo na kofia, mutu mufupi mwenye sauti nene, unaweza kuwaza iko mutu mwingine mukubwa amejificha ndani ya tumbo yake. Alikuwa anasimama mwisho wa mustari, anasema: "Mama Feza, hapa majani inakula pamba ao pamba inakula majani?" Mimi nilikuwa naenda nyuma ya nyumba, naweka sufuria juu ya kichwa kama kofia, narudilia ile maneno kwa ile sauti, na baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa, kisha ananikataza.

Ule mwaka magoti ya mama ilivimba na mvua ya kwanza, na haikurudi vile ilikuwa. Hakuweza kuinama, hakuweza kuchuchumaa mbele ya moto, na mambo ingine ya kuchuchumaa mutaniwazia wenyewe. Alikuwa analima akiwa amekaa chini, anajivuta juu ya matako sawa mutoto mwenye hajajua kutembea, na majani ilikuwa inamuangalia tu. Tulienda dispansere, nyumba ya dawa. Anfirmie alikuwa kijana wa mashati meupe, anasemea puani sababu alisikia wazungu wanasemea puani. Akamupa mama dawa ndogo nyeupe ya uchungu, ile ile alimupa jirani yetu juu ya macho, na mwingine juu ya tumbo. Mama alimeza yote, magoti ikabaki vile.

Baba alikuwa na woga. Shamba ya muke ikibaki na majani, mume njo anajibu. Mwaka mumoja nyuma walimukamata juu ya nusu ya shamba tu, akaenda kupasua mawe ya barabara mwezi muzima, na tangu pale mugongo wake haikunyooka tena vizuri. Sasa ilikuwa shamba nzima. Pamba ingefunguka wakati wa jua, na kama mama hawezi kusimama kuivuna, wangekuya kumuchukua. Hakusema vile mbele yetu. Lakini kila asubuhi alikuwa anaangalia kwanza magoti ya mama, nyuma njo anamusalimia.

Muzee mumoja aliyefanya kazi kwenye zahabu, upande wa Salamabila, njo alimuambia baba juu ya ile maji. Lakini ile wakati mutu hakuwa anatoka tu kwake anaenda mahali anapenda. Ilikuwa lazima karatasi ya njia, na karatasi ilikuwa kwa kalani, mwandishi wa posta, pale serikali ilikuwa inakaa. Baba alienda mara tatu. Mara ya kwanza nilimufuata, nikarudi na kalani muzima ndani ya mudomo wangu. Alikuwa haangalie mutu, anaangalia kalamu. "Jina. Jina ya baba. Sababu." Baba akasema magoti ya muke. Kalani akasema: "Magoti siyo sababu. Kila mutu iko na magoti." Mara ya tatu baba alienda na jogoo chini ya kwapa, akarudi bila jogoo, na karatasi ilikuwa na siku kumi na mbili. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda, sababu nani angelima. Walinituma mimi, niwe fimbo ya pili ya mama. Mama aliifunga ile karatasi kwenye pembe ya kikwembe chake, na kila tukisimama alikuwa anapapasa ile fundo kama iko pale.

Kamio moja ilikuwa inapeleka mupunga kwa watu wa zahabu, shofere akatupandisha juu ya magunia. Alikuwa mutu wa Kasongo, mwenye kusema sana. Tukisimama kuweka maji kwa motere, akamuangalia mama vizuri, akasema sura yake ni sawa sura ya muke wa fundi wa nguo wa kule Kasongo, Mama Zaina, kama wao ni ndugu. Mama akasema: "Simujue." Shofere akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia magunia.

Mama Zaina ni dada ya mama, tumbo moja, ziwa moja. Aliolewa na fundi wa nguo kule mujini, mutu wa musikiti, akabadili jina, akajifunika kichwa, akaanza kusema Kiswahili kile cha wangwana, chenye kuteleza sawa mafuta. Mama hakuchukia ile. Alikuwa anapenda hata kusikia watu wanasema dada yake iko na nyumba ya madirisha. Lakini tate wangu, mama yao, alipokufa, walituma mutu Kasongo kumuambia. Mama akakataa wasizike. Akasema dada yangu iko njiani, na yeye njo mukubwa, yeye njo ataleta nguo nyeupe ya kumufunika mama. Walingoja siku tatu, mupaka wazee wakasema hapana, sasa tunamutesa muzee wa watu. Wakamuzika tate na kikwembe yake ya zamani, ile ya shamba, na mama alikuwa angali anaangalia barabara. Mama Zaina hakukuya ile siku, hakukuya siku ya arobaini, hakutuma hata salamu. Mama akasema dada yake amekuwa mungwana, wafu wa pamba hawamufikie tena. Tangu pale ile jina haikutajwa kwetu. Ilikuwa inaenda mwaka wa pili.

Baba peke yake hakuweza kumukata Mama Zaina vile. Siku moja alipeleka mupunga soko ya Kasongo, akaenda na mimi, na kisha soko tukafika kwa Mama Zaina. Alitupa wali na samaki ya Lualaba, akanilaza mukekani niachie watu wakubwa nafasi. Nilifunga macho. Masikio sikufunga, hayana mufuniko. Njiani baba akaniambia: "Mama yako asisikie kwamba tulifika pale. Nilitoa neno yangu." Nikamuambia sawa. Na kweli nilinyamaza, ile ilikuwa mara moja tu ndani ya maisha yangu, hata baba alishangaa.

Sasa kwenye maji. Kwenye mwanzo wa njia ya shimo ya wanawake alikuwa anakaa mwanamuke mumoja muzee, Mama Kalonda, juu ya kiti kidogo cha miguu mitatu, na kibuyu mikononi. Wazee wake njo walichunga ile maji mbele yake. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anauliza tu kila mwanamuke anayefika: "Uko na neno na nani?" Ilikuwa desturi yao. Haingii mutu ndani ya ile maji na kasirani. Mama Kalonda alikuwa anasema mwili yenye kasirani inakuwa ngumu sawa mbegu ya ngazi, ile ya mafuta ya mawese, unaipika siku nzima, ndani inabaki kavu. Unasema neno yako pale, watu wote wanasikia. Na kama ule mwenye kukosana na wewe haiko pale, na karibu kila siku haiko pale, mutu mwingine anakaa chini mbele yako kwa nafasi yake na anakujibu. Lakini anajibu sawa vile ule mwenyewe angejibu. Haruhusiwe kukufurahisha. Haruhusiwe kuomba musamaha kama ule mutu siyo mwenye kuomba musamaha. Mukimaliza, unachota maji na kibuyu unamumwangia kwa miguu, kisha unaingia. Mwenye kusema hana neno, Mama Kalonda alikuwa anamuangalia tu, anamuambia aweke miguu ndani, mupaka kwenye vifundo, basi.

Mama alisema: "Sina." Akaweka miguu.

Siku ya kwanza nilikaa kando naangalia wengine, na siwezi kuwaambia vile nilifurahi. Kulikuwa mwanamuke mwenye neno na muke mwenzake juu ya chumvi. Mwingine na mama-mukwe wake aliyesema ugali wake iko sawa tope. Mwanamuke mumoja munene akasema neno yake iko na kapita wa barabara, musimamizi wa kazi, aliyemutoa shambani na mutoto mugongoni kwenda kufagia njia sababu muzungu mumoja angepita, na ule muzungu hakupita. Mama Kalonda akauliza nani atakaa kwa nafasi ya kapita. Hakuna mutu alipenda. Mimi nikasimama, nikaweka mikono nyuma, nikatoa tumbo, nikasema: "Wewe mwanamuke, barabara ni ya mama yako?" Sikumujua ule kapita wao. Nilisema kapita wetu wa mugini. Ilionekana wote ni mumoja, sababu ule mwanamuke alinijibu palepale, akanijibu muda mrefu, na wengine wakasimama nyuma yake wakasaidia. Maneno waliyoniambia, baba asingekubali niyarudilie. Mwisho akanimwangia maji kwa miguu, kwa nguvu kidogo, akaingia mupaka shingoni akicheka na machozi.

Kutoka pale nilikuwa mutu wa kazi. Mama Kalonda alikuwa ananiita asubuhi: "Wapi ule mwenye midomo ya watu?" Walikuwa wananiambia mume wangu anasema hivi, anavuta pumzi hivi, anakuna sikio, na mimi nakuwa mume. Nilikuwa mume wa wanawake sita mbele ya chakula ya mangaribi. Mama alikuwa anakaa na miguu ndani ya maji, vifundo tu, anaangalia. Vifundo vyake vilikuwa vinangaa. Magoti ilikuwa inje, imevimba, inaniangalia sawa vichwa viwili vya watoto. Jioni alikuwa anapanda mulima wa kwenda mahali tulilala na mukono juu ya bega langu, na mukono ilikuwa inakuwa nzito kila siku. Siku tatu zilipita vile. Siku ya ine akafungua ile fundo ya kikwembe, akatoa karatasi, akaiangalia. Hakujua kusoma, na mimi sijui mupaka leo. Lakini kuhesabu alijua. Akaniuliza kama naona shamba imefika wapi sasa. Nikasema itakuwa imeanza kufungua macho. Akasema ndiyo, na baba yako anaangalia barabara.

Asubuhi ya siku ya tano Mama Kalonda akamuuliza sawa kila siku. Kulikuwa baridi, moshi ilikuwa mingi, tulikuwa tunaona watu nusu nusu. Kisha mama akasema, pole pole, sawa mutu anayetoa mwiba: "Niko na neno na dada yangu."

Mama Kalonda akauliza nani anamujua ule dada. Hakuna. Mama akasema basi, hakuna mutu wa kujibu, tuache. Lakini ule mwanamuke munene wa kapita akasema mutoto iko pale. Mama akasema mutoto alimuona zamani sana, akiwa mudogo, hawezi kumujua. Mimi nikaangalia chini. Mama Kalonda aliniangalia mimi, siyo mama. Yule muzee alikuwa anaona. Akapiga ardhi na mukono, mahali pa kukaa, na mimi nikakaa.

Mama akaanza. Sikujua kwamba mama iko na maneno mingi vile. Alisema vile walilala mukeka moja mupaka dada akaolewa. Alisema vile yeye mwenyewe alikuwa anamuchungia dada kipande ya muhogo. Alisema siku tatu za kilio, vile wazee walikuwa wanamuambia tuzike, na yeye anasema ngojeni, na inzi. Alisema ile kikwembe ya shamba, na kwamba ilikuwa na tundu kwenye bega, na bega ya tate ilikuwa inaonekana wakati wanamushusha. Akasema: "Dada, nguo ulikuwa nayo. Mume wako anashona nguo. Ungetuma hata kipande."

Kisha ilikuwa zamu yangu.

Nilianza na muchezo. Nilivuta kikwembe juu ya kichwa, nikashika kidole shavuni sawa Mama Zaina, nikasema "mdogo wangu" na ile sauti ya kuteleza, na wanawake wakacheka, na mama mwenyewe midomo yake ikatikisika. Kumbe nilikuwa nimefika mwisho wa akili yangu. Sikuwa na jibu. Mutu mwenye kuiga hawaze maneno, anabeba tu ya wengine. Nikatafuta ndani ya kichwa kitu Mama Zaina alisema juu ya tate, na ilikuwa kimoja tu, ile nilisikia mukekani na macho yamefungwa. Ikatoka. Nilisema na sauti yake, na nafasi zake za kuvuta pumzi, na pale yeye alisimama kulia mimi pia nilisimama:

"Siku niliyopata habari ndiyo siku niliyotoka, shemeji. Sikungoja hata kupika. Nilikamata ile nguo nyeupe, nikaifunga kichwani ndani ya kitambaa, nikatoka peke yangu. Kivukoni wakaniuliza karatasi. Nikasema sina, leo kalani hafungui, ni siku ya Mungu, na mama yangu amekufa. Yule askari akasema mama wa kila mtu anakufa. Nikapita kwa nguvu. Wakanikamata. Wakanitoa kitambaa kichwani, wakaniweka posta ning'oe majani pamoja na wafungwa. Siku nne, shemeji. Watu wa mjini wanapita, wananiona kichwa wazi, mke wa fundi. Waliponiachilia, mama yupo udongoni. Ningekuja kusema nini? Kwamba nilifungwa? Usimwambie mdogo wangu. Aseme nina majivuno. Majivuno ni afadhali."

Hakuna mutu alicheka. Maji ilikuwa inachemka kule juu, ile sauti ndogo ya mapovu. Mimi nilikuwa na kikwembe juu ya kichwa na nikaanza kuogopa, sababu nilikuwa nimevunja neno ya baba mbele ya watu ishirini.

Mama akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Feza, hii ulitoa wapi?"

Nikasema: "Nilisikia. Kwake. Baba alinikataza."

Nilingoja kofi. Mukono wake ulienda kwenye ile fundo ya kikwembe, akapapasa karatasi, sawa vile alikuwa anafanya njiani. Safari hii mukono haukutoka haraka. Alikaa vile na vidole juu ya ile fundo, na nikaona anafikiri. Nafikiri alikuwa anaona kivuko. Alikuwa anaona kama si ule jogoo wa baba, ni yeye angekuwa anang'oa majani na magoti yake. Kisha akachukua kibuyu kwa mikono ya Mama Kalonda, akachota, akanimwangia maji kwa miguu, pole pole, kidole kwa kidole, sawa vile unaogesha mutoto wa siku. Akaingia. Maji ikafika magoti, akavuta pumzi kati ya meno. Ikafika kiuno. Ikafika shingo. Hapo akatoa sauti moja, siyo ya kulia, siyo ya kucheka, na siku zote nimejaribu kuiiga sijaweza.

Tulikuwa tumebakiwa na siku tatu pale, na aliingia asubuhi na jioni. Sitawadanganya kwamba alitoka akikimbia. Lakini siku ya mwisho alichuchumaa mbele ya kile kishimo cha juu, akatoa muhogo umeiva, akasimama tena bila bega langu, akanipa nusu, na sisi wote wawili tukajifanya hatukuona kitu.

Nyumbani baba alifurahi, halafu hakufurahi. Mama alimuambia: "Ulijua." Baba akasema alitoa neno. Mama akasema basi na yeye aende kwenye maji akakae mupaka vifundo. Siku mbili alimupikia bila kumusemesha. Siku ya tatu akamutuma kwa kalani tena. Baba alipofika akasema sababu ni kilio. Kilio ya nani? Ya mama-mukwe. Alikufa lini? Mwaka wa pili huu. Kalani akaweka kalamu chini, mara ya kwanza akamuangalia mutu kwa uso. "Muzee, hii mayiti yenu inakawia kweli." Akaandika siku mbili.

Tulienda wote watatu. Mama Zaina alikuwa uani anapepeta mupunga. Alipomuona mama hakusimama, aliendelea kupepeta, lakini mupunga ilikuwa inaanguka yote inje. Mama hakusema kivuko, hakusema posta, hakusema kichwa wazi. Alisema tu: "Dada, nimekuya kuchukua ile nguo." Mama Zaina aliniangalia mimi muda mrefu, na nikajua anajua. Kisha akaingia nyumbani. Tulisikia sanduku inafunguka. Nguo ilikuwa imekunjwa vile vile, imekuwa manjano kwenye mikunjo, na ilikuwa na alama ya tope pembeni, tope ya kivukoni. Hakuifua. Kesho yake alikuya na sisi mupaka kwenye kaburi, na karatasi yake mukononi kama mutu anayebeba yai, na wakaitandika pale juu ya udongo, kila mutu kwa upande wake, wakavuta pembe mupaka ikanyooka. Wakakaa pale wanasemezana mambo ya chumvi na ya watoto. Mama Zaina hakusema hata siku moja kwamba alifungwa, na mama hakumuuliza mupaka wakazeeka. Kwangu alisema maneno kidogo tu, wakati wa kuaga. Akanivuta sikio, akasema: "Wewe, siku nikilala kwenu, utalala inje na mbuzi."

Pamba ya ule mwaka mama aliivuna kwa miguu yake, na monitere alipita, akapiga mustari na fimbo, akaenda zake. Baba alilala kwake, hakuna mutu alimukamata. Ile magoti ilikaa vizuri misimu mitatu.

Wakati wa jua ya juzi, magoti yangu nayo ikiwa imevimba, mujukuu wangu alinibeba na pikipiki mupaka kule. Ile ilikuwa safari ya siku mbili juu ya magunia, sasa ni asubuhi moja, matako tu njo inajua. Jiwe iko. Maji iko. Kile kishimo cha kupikia kimejaa majani. Watu wanakuya na mabido, wanachota wanaenda. Wasichana wanaingia na telefone ndani ya sashe ya plastiki, wanapigana picha, na wanaume wanaingia pamoja na wao, hakuna tena shimo ya nani. Hakuna mutu kwenye kiti. Niliuliza kijana mumoja wa kike, wewe uko na neno na nani, akacheka vizuri, na heshima, akasema, "Tate, tunakuya kuoga tu." Nikamuambia sawa. Na mimi nikaoga tu. Nilikaa ndani mupaka vidole ikakunjamana, magoti ikalainika kabisa, nikamuambia mujukuu njo hii sasa. Tulipofika nyumbani na nikashuka kwenye pikipiki, maumivu ilikuwa imekwisha kurudi.

Niko na mudogo wangu, Salima. Anakaa Kindu. Tulikosana kwenye telefone juu ya maneno nilisema mbele ya watoto wake, nilimuiga vile analia, na watu walicheka sana. Alikata. Ni miaka ine. Siku ile kule kwenye maji nilijaribu, nilikaa juu ya jiwe nikavuta kikwembe juu ya kichwa, nikamuita yeye ndani ya mudomo wangu anijibu. Alikuya palepale, sauti yake yote, lakini alisema tu ile maneno ya telefone, sababu tangu pale sijamusikia. Mama alingojea kalani amuandikie siku mbili kusudi afike kwa dada yake. Mimi hakuna mutu ananiuliza karatasi, mujukuu iko na pikipiki, Kindu siyo mbali. Na niko hapa, nawasimulia ninyi.